Fahamu: Ukikosea hesabu ya wanga, usikimbilie sindano ya pili
Kwa familia za Kikongomani za Louisville, Okolona ikiwemo, sahani ya bugali haina lebo ya gramu. Anayejidunga insulini hukosea hapo kwa urahisi. Pima unga mkavu kabla ya kusonga: gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi.

Sukari imepanda baada ya kula? Insulini ya haraka hufanya kazi kwa saa 3 hadi 5. Ukiongeza dozi mapema, dawa hurundikana mwilini, na sukari huweza kuporomoka ukiwa usingizini; hatari hiyo naihofia zaidi. Fuata kipimo cha kurekebisha alichokupangia daktari.

Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, kunywa nusu kikombe cha juisi ya matunda, kisha pima tena baada ya dakika 15.