VAT uliyolipa dukani: je, inapunguza kodi yako ya mapato?

Msikilizaji wetu mmoja wa Mitundu, mwenye duka dogo la bidhaa mchanganyiko, ametuuliza: "Nikienda kufuata mzigo Itigi nalipa VAT. Baadaye TRA wanataka tena kodi ya mapato. Kwa nini ile ya kwanza isitolewe kwenye hii ya pili?" Amesikia kuwa Marekani inawezekana.

Ni kweli. Tangu mwaka 2004, Mmarekani anayeorodhesha matumizi yake anaweza kuchagua kuondoa kodi ya mauzo ya jimbo lake kwenye kipato kinachotozwa kodi. Hapa Tanzania nafuu hiyo haipo.

Kila kodi na njia yake

VAT hulipwa na mnunuzi wa mwisho. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, nayo imo ndani ya bei. Bati la shilingi 35,400 lina VAT ya shilingi 5,400. Hata vocha ya 1,000 ina VAT ya kama shilingi 153. Mbolea na mazao ya chakula ambayo hayajasindikwa vimesamehewa.

Kodi ya mapato inahusu kile unachoingiza, na ina sheria yake.

Nani anarudishiwa VAT?

Ni mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT. Tangu Julai 2023, usajili ni lazima kwa mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 200 kwa mwaka. Huyu akilipa VAT ya 180,000 kwenye manunuzi, kisha akakusanya 234,000 kwa wateja, anapeleka TRA 54,000 tu. Lakini hapo VAT imetolewa kwenye VAT, siyo kwenye kodi ya mapato.

Mwenye duka dogo anapata nini?

Kwake VAT inabaki kuwa sehemu ya gharama ya mzigo. Hata hivyo asitupe risiti, maana kumbukumbu ndizo zinazompunguzia kodi ya mapato.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5, unalipa 30,000. Hapo umeokoa shilingi 70,000.

Ufanye nini?

Dai risiti ya EFD kila unaponunua mzigo. Ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, kwa sababu maandishi yake hufifia. Andika mauzo ya kila siku kwenye daftari, hata siku uliyouza sabuni mbili tu. Siku ya kwenda TRA kukadiriwa, beba vyote. Ukienda mikono mitupu, utakadiriwa kama asiye na kumbukumbu.