Ankara Ikikataa Kutumwa kwa Barua Pepe: Kagua Haya Kwanza

Wakala wa forodha wa Changamwe anamaliza hesabu ya mteja jioni, anabonyeza kitufe cha kutuma kwenye programu yake ya uhasibu, na kompyuta inamjibu kwamba barua pepe haikutumwa. Muuzaji wa vifaa vya ujenzi Likoni na mwenye nyumba za wageni Kisauni wanalijua tatizo hilo. Ankara isipofika, malipo hayaji. Kwa mwenye mzigo bandarini, siku za bure zikiisha, gharama ya kuhifadhi kontena hupanda kila siku.

Usitoe ankara ya pili

Ankara ya eTIMS hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kwa njia yake. Barua pepe kwa mteja ni safari nyingine. Barua pepe ikikwama, huenda ankara imeshasajiliwa. Ukitoa nyingine kwa mauzo yale yale, utaonekana umeuza mara mbili, na itakubidi uirekebishe kwa hati ya kupunguza mauzo kupitia mfumo huo huo. Hakikisha kwanza kama ankara imo kwenye orodha yako ya eTIMS. Ikiwa imo, pakua nakala ya PDF umtumie mteja kwa WhatsApp, au uichapishe umpelekee mkononi. Kisha tafuta chanzo cha tatizo.

Hatua za kukagua

1. Tuma barua pepe ya kawaida kwa simu, ukitumia akaunti ile ile. Ikienda, akaunti ni nzima na tatizo liko kwenye programu au mtandao wa ofisi. Isipoenda, angalia kama bando limeisha au akaunti imejaa. Akaunti ya Google isiyolipiwa ina nafasi ya GB 15, inayogawanywa kati ya barua, picha na faili. Ikijaa, hutaweza kutuma wala kupokea barua.

2. Soma anwani ya mteja herufi kwa herufi. Koma mahali pa nukta, au nafasi iliyoachwa mwishoni, inatosha kuizuia barua.

3. Tafuta namba kwenye ujumbe wa kosa. 535 maana yake jina au nenosiri limekataliwa. 550 mara nyingi ni anwani isiyokuwepo, au seva ya mteja imeikataa barua. 552 ni faili kubwa kupita kiasi au sanduku la mpokeaji lililojaa.

4. Ikiwa programu inasema tu kwamba muda umekwisha, haijaifikia seva. Fungua mipangilio ya barua pepe uangalie namba ya poti. Kampuni nyingi za intaneti huifunga poti 25 ili kuzuia barua taka. Jaribu 587 au 465, kulingana na maelekezo ya kampuni ya barua pepe yako.

Nenosiri lililo sahihi lakini linakataliwa

Tangu Mei 30, 2022, Google haikubali nenosiri la kawaida la Gmail kutumiwa ndani ya programu nyingine. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yako, kisha utengeneze nenosiri la programu. Ni herufi 16, nazo ndizo unazoziweka kwenye programu ya uhasibu. Kumbuka kwamba ukibadilisha nenosiri kuu la Google, lile la programu hufutika na itabidi utengeneze jipya.

Barua imetoka lakini mteja haioni

Mwombe mteja atazame kwenye barua taka. Kama unatumia anwani ya jina la biashara yako, kwa mfano inayoishia .co.ke, fahamu kwamba tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka watumaji wathibitishe kuwa barua ni zao kwa rekodi za SPF au DKIM. Iulize kampuni inayokuhifadhia tovuti kama rekodi hizo zimewekwa.

Tahadhari

Usimpe fundi nenosiri lako kuu, wala usimsomee mtu yeyote namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako. Fundi akihitaji kuunganisha programu, tengeneza nenosiri la programu na uliandike mwenyewe. Baada ya kurekebisha, jitumie ankara ya zamani kwa majaribio kabla ya kumtumia mteja.