Jike akipoteza mayai: hasara ambayo wafugaji wa samaki hatuioni

Kila mwaka vijana wengi tunatoka masomoni na diploma mkononi, na wazo la kwanza linakuwa: «Nitachimba bwawa, nifuge samaki.» Wazo ni zuri, soko liko. Lakini tunahesabu udongo, chakula na bei ya kilo, tunasahau kwamba samaki wote hao wanatoka katika tumbo la jike. Na jike anaweza kupoteza mayai yake yote bila wewe kujua. Mimi nilijifunza jambo hilo kwa hasara.

Wakati nilikuwa naanza, karibu na Bukavu, nilikuwa na kambale jike mwenye tumbo limejaa vizuri. Rafiki yangu anayezalisha kambale kule Uvira alinipa ratiba yake: piga sindano ya homoni saa mbili ya usiku, kamua saa moja ya asubuhi. Masaa 11. Nikafuata vile vile. Asubuhi mayai yakakataa kutoka. Nikafinya kwa nguvu, yakatoka machache pamoja na damu. Nikamrudisha majini, nikasema nitajaribu tena kesho asubuhi. Kesho yake yakatoka mengi, nikafurahi sana. Lakini karibu yote yakageuka meupe, na jike akafa. Nikasema homoni ni mbovu. Hapana. Mimi njo nilikosea, mara mbili: kwanza niliwahi, halafu nikachelewa.

Juu ya nini? Homoni haisukumi mayai nje siku hiyo hiyo kwa saa tunayotaka sisi. Inayaivisha mpaka yaachane na mfuko wake, na kazi hiyo inaenda kwa mwendo wa joto la maji. Kwa kambale, maji yakiwa na digrii 30 inachukua karibu masaa 7. Kwa digrii 25, karibu masaa 11. Kwa digrii 20, karibu masaa 21. Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita karibu 770 juu ya bahari, na maji yake ni ya moto. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1.460 hivi, na usiku maji ya mabwawa yetu yanapoa sana. Ratiba ya rafiki yangu ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ya maji yake. Kwangu masaa 11 yalikuwa nusu tu ya safari. Na yai likishaachana na mfuko wake, saa yake inaanza kuhesabiwa: likikaa tumboni kupita kiasi linazeeka. Kwa macho unaliona zuri, lakini halishiki mimba, ao linatoa kifaranga kilemavu.

Hiyo ni njia moja ya kupoteza mayai. Ya pili inapita kimya zaidi. Katika hali ya asili kambale anangoja mvua. Maji yakipanda na kufunika majani ya kando, njo anataga. Katika bwawa lako maji hayapandi hivyo. Mayai yanakua, yanajaa tumboni, yanangoja alama ambayo haiji. Mwishowe mwili wa jike unayavunja na kuyanyonya tena. Wanasayansi wanaita jambo hilo atresia. Samaki mwenye njaa, mwenye kukosa oksijeni, ao anayeshikwashikwa kila siku, anaweza kufanya vile pia. Mfugaji anaona tumbo limerudi chini, anasema: «Huyu ni tasa, tumpike.» Kumbe si tasa. Alikosa alama ya kutaga, ao alikosa utulivu.

Njia ya tatu iko mikononi mwetu. Yai la samaki lina tundu dogo ambamo mbegu ya dume inaingilia. Likigusa maji, tundu hilo linajifunga kwa muda mfupi sana, na mbegu nayo ikiguswa na maji inaishi kama dakika moja tu. Kwa hiyo ukikamua kwa mikono yenye maji, mayai yanapotea mbele ya macho yako. Kausha jike kwa kitambaa, kausha sahani, changanya mayai na mbegu kwanza, maji yafuate mwisho.

Tilapia ana habari yake. Yeye anabeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na baadaye anaendelea kuwalinda watoto humo humo. Ukimkimbiza na wavu siku hizo, anayatema ao anayameza. Vituo vikubwa vinajua hilo, njo maana vinayatoa kinywani kwa utaratibu na kuyalea katika vyombo vya maji yanayotembea. Jike anaanza kula mapema na kutaga tena mapema. Kwetu wenye mabwawa madogo, dawa ni moja: bwawa la wazazi tuliache litulie.

Tuhesabu sasa. Gramu moja ya mayai ya kambale ina mayai karibu 600 hadi 700. Jike wa kilo moja akikupa gramu 100, uko na zaidi ya mayai 60.000. Hata kama wengi watakufa njiani, asubuhi moja ya kukosea saa ni vifaranga elfu na elfu ambavyo havikuzaliwa. Halafu jike anahitaji wiki nyingi ili ajaze tumbo tena, na wewe unaendelea kumlisha. Njo maana wengi wetu tuko na mabwawa mazuri lakini kila msimu tunaomba vifaranga kwa jirani.

Kwa hiyo, ndugu, mbele ya kununua homoni, nunua kipimajoto na daftari. Pima maji ya chombo jike anamokaa, usiku na asubuhi, uandike. Kama maji yako ni ya digrii 21, hesabu masaa 18 hivi: sindano saa nane ya mchana, ukamuaji saa mbili ya asubuhi. Saa ikikaribia, gusa tumbo polepole. Mayai yakitoka yenyewe, kazi ianze. Yakikataa, usifinye, ngoja kidogo, ujaribu tena saa ile inayofuata, si kesho yake kama mimi.

Jike wangu wa pili nilimngoja masaa 20, daftari kwenye magoti. Nilimgusa tu, mayai yakashuka kwenye sahani. Homoni ilikuwa ya chupa ile ile.