Digrii Uko Nayo, Sasa Piga Hesabu ya Till

Maze, siku ya gradu mathe anapiga vigelegele. Baadaye bahasha ya kaki inazungushwa kutoka Upper Hill hadi Industrial Area, na wira hakuna. Msee wa injinia anakaa base, manzi wa BCom amerudi kwa wazazi. Hawa si wavivu. Walifunzwa kuomba kazi, hawakufunzwa kuuza.

Ndio maana nasimama na masomo ya biashara ya mtandao, lakini yale ya ukweli. Yaanzie soko la mitumba la Gikomba alfajiri, belo ikifunguliwa na wasee waking'ang'ania kamera, zile mali safi za kwanza.

Cheki njumu moja. Umeitoa kwa soo sita. Fare ya mathree soo moja, sabuni na mswaki finje, bando finje. Hiyo tayari ni soo nane. Ukiiuza ngiri, faida ni soo mbili, si soo nne. Na ukimlipia mteja wa Rongai nduthi, umemfanyia kazi ya bure. Hapa ndipo wengi wanazamanga.

Darasa pia lionyeshe vitu ndogo zinaleta ganji. Piga picha kando ya dirisha, mwanga wa jua ukiingia. Onyesha soli ilipoisha, ndio mteja akuamini. Andika bei na saizi hapo hapo, juu ile "bei njoo inboksi" inafukuza watu. Doh ya biashara iingie kwa till, ya kudishi ikae kando. Mwisho wa mwezi, steitimenti itakuambia kama unaomoka ama unajibamba tu.

Serikali ilianzisha Ajira Digital 2016, na vijana wanafunzwa kazi za mtandaoni bila kulipa. Hiyo ni poa, wahi nafasi. Mkopo wa Hustler Fund nao ukaingia 2022 na riba ya 8% kwa mwaka. Lakini mkopo bila hesabu ni deni tu, hata riba ikiwa ndogo aje.

Kwa hivyo naomba vyuo vyetu kitu moja: komredi asimalize kozi kabla hajauza kitu ya ukweli, kwa mteja asiyemjua, na alete rekodi zake zisahihishwe kama mtihani. Hata akipata hasara, aipate mapema, lec akiwa karibu wa kumwonyesha alipokosea. Na wewe ulishamaliza, usingoje silabasi ibadilike. Chukua daftari leo, anza na njumu moja.