Mama alipokataa kupanda gari langu: Shokapu, springi na amana ya abiria

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alikuwa safarini, na ngamia waliowabeba wanawake walikuwa wakiongozwa na kijana aitwaye Anjasha. Kijana huyo alikuwa na sauti nzuri, na ngamia walipomsikia akiimba waliongeza mwendo. Mtume (S.A.W.) akamwagiza aende taratibu, akiwafananisha abiria wake na vyombo vya kioo. Wengi wetu tumekisikia kisa hiki misikitini. Ni wachache tunaokikumbuka tukiwa nyuma ya usukani.

Mimi sikukikumbuka mpaka siku mama yangu mzazi, anayeishi Marangu, aliponiambia kwa upole: “Mwanangu, Allah akulipe kheri kwa kunijia. Lakini kliniki ijayo nitashuka Moshi kwa daladala.” Mama ana maradhi ya mgongo. Kumpeleka kliniki ndiyo huduma niliyokuwa nikijivunia kumfanyia, na sasa alikuwa akinisamehe nisiifanye.

Gari lenyewe ni dogo, la mtumba kutoka Japani. Aliyelimiliki kabla yangu alikuwa ameondoa springi na shokapu za kiwandani, akafunga nyingine zinazoshusha bodi na zinazoweza kurekebishwa ugumu wake. Nilipolinunua, kule kukaa kwake chini ndiko kulikonivutia. Lakini njia ya kwetu haiangalii urembo. Kutoka Moshi mjini, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, barabara hupita Himo kisha hupanda kuelekea Marangu, ambako lango la Hifadhi ya Kilimanjaro liko juu ya mita 1,800. Lami ipo, na matuta na rasta zipo. Ukiiacha lami na kuingia vihambani, baina ya migomba na mibuni, unakutana na mawe, na wakati wa masika unakutana na mifereji iliyochimbwa na maji.

Nilifanya kosa linalofanywa na wengi: niliona gari ni gumu, nikalegeza shokapu. Juu ya kila shokapu kuna kifundo kidogo cha kuzungusha, na za kwangu zina ngazi 16. Nilizizungusha zote nne hadi mwisho wa ulaini, nikampandia mama kwa furaha. Safari ile ikawa mbaya kuliko zote. Kila tuta lilikuja na kishindo, naye mama ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akimtaja Mola wake.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mtu mzima wa mjini Moshi. Alinieleza kwamba springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi inapobonyea na inaporudi. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo. Ukikaza kifundo, njia ya mafuta hufinywa, na ukilegeza, hupanuka. Kwenye fimbo ya shokapu kuna kipande cha mpira ambacho ndicho kinga ya mwisho. Gari lililoshushwa hubaki na nafasi ndogo kabla ya kuufikia mpira huo. Wakikaa watu watatu nyuma, na mkungu wa ndizi kwenye buti, nafasi hiyo karibu inakwisha kabla safari haijaanza. Ukilegeza shokapu, bodi hushuka kwa kasi zaidi na kuugonga mpira. Kumbe kishindo kile hakikutokana na ugumu wa shokapu. Gari lilikuwa limekosa nafasi ya kushuka.

Hakutaka nimwamini kwa maneno. Aliinua kifuniko cha vumbi, akafunga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu ya nyuma, kisha tukaenda na watu watano kwenye njia mbovu. Tuliporudi, kamba ilikuwa imesukumwa hadi kwenye mpira. Huo ukawa ushahidi.

Marekebisho yalianza na kipimo. Tulipima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, tukapata sentimita 33 nyuma. Baada ya kuinua gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi, fundi alizungusha kikalio cha springi pande zote mbili kwa usawa, mpaka likafika sentimita 36. Msomaji azingatie kwamba zipo shokapu ambazo urefu hurekebishwa kwa kuzungusha kitako cha chini. Kwa hizo bodi hupanda, lakini nafasi ya fimbo kusafiri haiongezeki, na kishindo hubaki palepale. Muulize fundi zako ni za aina gani kabla hajashika spana.

Ndipo tukarudi kwenye vifundo. Tulikaza hadi mwisho, tukahesabu ngazi nane kurudi nyuma, kushoto na kulia sawasawa. Kisha tukalegeza au kukaza ngazi mbili mbili, na kila mara tukapita barabara ileile, kwa mwendo uleule, na uzito uleule. Shokapu ikilegea mno, gari huendelea kunesanesa baada ya tuta, na mwenye tumbo jepesi hutapika. Ikikazwa mno, springi haiwahi kurudi kabla ya tuta la pili. Kwenye rasta gari huzidi kuzama, mpaka likaufikia mpira uleule. Sisi tulitua ngazi ya kumi nyuma na ya nane mbele.

Mwisho tulikaza nati za kufungia, tukajaza upepo wa tairi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tukarekebisha mpangilio wa magurudumu na mwelekeo wa taa. Baada ya siku chache tulipima tena, kwa kuwa springi hujikalia. Na ikiwa shokapu inavuja mafuta, kuirekebisha ni kujidanganya; dawa yake ni kuibadilisha.

Sentimita tatu zile zimeliondolea gari langu umaridadi, na vijana wa mtaani wameniambia hivyo bila kuficha. Niliwajibu kwamba gari lile lilikuwa limepangwa kwa ajili ya macho ya wanaolitazama, ilhali mwenye haki ya kwanza ni aliyeketi ndani yake, na hasa yule aliye dhaifu kuliko wote, kwenye kiti cha nyuma. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ya kulijaribu gari lako usiende peke yako. Mpakie mzazi wako, au mkeo mjamzito, kisha nawe uketi nyuma pamoja nao, umwachie mwingine usukani. Pale nyuma utajifunza jambo ambalo usukani haukufundishi.

Kliniki iliyofuata nilimpigia mama simu usiku wa kuamkia safari, nikamwomba anijaribu mara moja tu. Tulipoanza kuteremka kuelekea Himo alikuwa ameshika kiti cha mbele kama kawaida yake. Tulipomaliza rasta za pili nilitazama kwenye kioo, nikaiona mikono yake imo mapajani, inahesabu tasbihi.

Wabillahi tawfiq.