Hija ya Watu Elfu Moja

Mwaka wa 2019 mahujaji wapatao milioni 2 na nusu walisimama Arafa. Mwaka uliofuata, 1441 Hijria, waliosimama hapo walikuwa kiasi cha watu 1,000 tu. Jinsi Saudi Arabia ilivyofikia idadi hiyo ni kisa cha kusimuliwa, maana hapa Pwani wako wengi ambao Hija ile iliwapita hali nauli wanayo mkononi.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alijulikana nchini humo tarehe 2 Machi, 2020. Serikali haikumngoja. Tangu Februari 27 ilikuwa imekwisha kuwazuia wageni wa Umra, na baada ya siku chache ikawazuia hata wenyeji. Zikaja zile picha za Al-Kaaba, uwanja wa tawafu hauna mtu, marumaru tupu yang'aa. Nani aliyeziona asishtuke?

Haraka hiyo ilikuwa na asili yake. Katika Hija ya 1865 kipindupindu kiliua watu wanaokisiwa kuwa 15,000, kisha kikapanda meli pamoja na waliosalimika mpaka Misri na Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana katika mji uitwao sasa Istanbul kwa ajili ya balaa hilo, na kwa miaka mingi mahujaji waliosafiri kwa meli walikuwa wakiwekwa karantini kisiwani Kamaran na huko Tur, Sinai. Tena mwaka wa 2012, Jeddah kwenyewe, viligunduliwa virusi vya MERS, ndugu wa hivi vya korona, ambavyo mtu huweza kuvipata kwa ngamia. Basi madaktari wa Saudia walikuwa wamekwisha kuonja.

Machi 17 misikiti ilifungwa kwa swala za jamaa, isipokuwa Miskiti Miwili Mitukufu. Aprili 2 Makka na Madina zikatiwa kafyu ya usiku na mchana. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) juu ya tauni, kwamba nchi iliyoingiwa isiendewe na aliyemo asitoke, kila mtoto wa chuoni aijua, lakini kuijua ni kumoja, na kuswali tarawehe nyumbani mwezi mzima ni kwingine.

Mfalme aliamuru kila mgonjwa atibiwe bure, hata asiye na kibali cha kukaa nchini. Amri hiyo ilikuwa ya lazima, kwani vibarua wa kigeni hulala wengi chumba kimoja, na ugonjwa haumwulizi mtu pasi. Gharama nayo ilimrudia mwananchi: Julai 2020 kodi ya bidhaa ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15.

Juni 22 ndipo ilipotangazwa kuwa Hija itakuwapo, ila kwa wakazi wa Ufalme peke yao. Wageni waishio humo walipewa sehemu 70 katika kila 100. Zile 30 za Wasaudi walipewa watumishi wa afya na askari waliougua wakapona. Kwa maoni yangu uteuzi huo ulikuwa wa haki kuliko yote yaliyotendwa mwaka ule, kwa sababu cheo na mali havikutajwa. Mahujaji walipewa vijiwe vya Jamarat vilivyokwisha kusafishwa kwa dawa, Zamzam wakainywa chupani, na Jiwe Jeusi wakalitazama kwa mbali. Baadaye Wizara ya Afya ya huko ilisema hakuna haji hata mmoja aliyeonekana na maradhi hayo.

Hata hivyo kuna walioumia, nao hawakuugua. Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya wakazi wa Saudia tena, watu 60,000. Mwaka 2022 milango ilifunguliwa kwa watu milioni moja, lakini kwa sharti kuwa haji awe hajatimiza miaka 65. Hebu mfikirie mzee wa Lamu au Malindi aliyekuwa na miaka 63 mwaka 2020, amekwisha kuuza ng'ombe wake na kuagana na majirani. Akaambiwa angoje. Akangoja mwaka, akangoja wa pili, na ulipofika wa tatu akaambiwa umri umempita. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2023. Wazee wa namna yake waliokuwa hai na wenye nguvu bado walikwenda, wengine wakisukumwa kwa viti vya magurudumu. Waliofariki kabla ya hapo, watoto wao wanawahijia badali.