Sakafu ya garaji: rangi ao pave?

Jioni ukirudi kutoka mgodini, viatu vyako unavivulia wapi? Katika nyumba nyingi ninazozipitia hapa Katanga, jibu ni moja: katika garaji. Hapo pikipiki inalala, hapo bidoni ya esanse inawekwa, hapo nguo za kazi zinatundikwa msumarini. Na mvua ikinyesha, hapo hapo watoto wanachezea, kwani ndipo penye nafasi.

Mara nyingi watu wananiuliza dispanserini jambo ambalo si la dawa hata kidogo: «Munganga, nataka kutengeneza garaji yangu. Nipake ile rangi ngumu ya epoxi juu ya simenti, ao nitandike pave?» Masoni atakujibu kwa bei na kwa uzuri. Mimi nitakujibu kwa vumbi.

Unajua Kasulo, kule Kolwezi. Mwaka 2014 watu waligundua madini ya kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba hata ndani ya parseli. Mwaka 2018, waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kazi yao. Walipima damu na mkojo wa wakaaji wa mtaa ule, wakakuta kobalti nyingi kupita ile ya watu wa mtaa wa jirani. Na waliozidi kwa tofauti hiyo ni watoto. Mtoto hakushika sururu kama baba yake, lakini anatambaa chini, anaokota kitu, anatia vidole mdomoni.

Parseli yako haina shimo, sawa. Lakini viatu vyako vinaleta vumbi kila siku, na magurudumu ya pikipiki vile vile. Bibi akichukua ufagio na kufagia kukavu, vumbi linapanda juu, linaingia katika pua zake na za mtoto aliyefungwa mgongoni, kisha linarudi chini. Dawa yake ni maji na kitambaa. Kwa hiyo sakafu nzuri ya garaji iliyofungwa, yenye mlango wa kuingilia nyumbani, ni ile inayokubali kuoshwa.

Hapo rangi inashinda. Simenti tupu ina vitundu vidogo sana, inakunywa mafuta ya mashini, tena kwa kuzeeka inatoa unga wake yenyewe. Rangi inavifunga vitundu vile. Pave, kinyume chake, zinashikana kwa mchanga uliotiwa katikati yao. Ukimwaga maji kwa nguvu, mchanga unatoka. Usipomwaga, matope ya mgodini yanakaa katika kila mwanya, pamoja na mafuta na siafu.

Lakini usikimbilie dukani. Rangi haisamehe haraka. Mimi mwenyewe nilipaka garaji yangu katika mwezi wa Februari, katikati ya mvua, juu ya simenti ambayo haikumaliza hata majuma mawili. Niliona ni kavu kwa juu, nikaridhika. Kabla ya Pasaka ilikuwa inabanduka kama ngozi ya muhogo, na mtoto wangu wa pili nilimkuta ametia kipande mdomoni. Makuta yalipotea, na bibi yangu hakunifichia mawazo yake.

Simenti mpya ingoje siku 28. Hata ile ya zamani, ipime kwanza: kata kipande cha plastiki cha nusu meta kila upande, kibandike chini kwa utepe kando zote nne, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini ya plastiki, ao simenti imegeuka nyeusi, unyevu unapanda kutoka udongoni. Hapo rangi haitashika, hata ikiwa ya bei gani. Na mahali palipolowa mafuta, osha kwa sabuni kali, sugua, suuza, rudia, mpaka maji yasikimbie tena juu yake.

Sasa ngozi yako. Epoxi inauzwa katika makopo mawili yanayochanganywa, na ikiwa bado mbichi inaweza kuamsha mzio. Mfanyakazi mmoja alinijia na mikono iliyovimba, yenye malengelenge na mwasho, akasema ni kazi ya mgodi imemharibu. Nilimwuliza alifanya nini siku ya posho. Alikuwa amepaka rangi kwa mikono mitupu! Mzio wa namna hii, ngozi ikiisha kuujua, haiusahau: mara nyingine hata tone dogo linatosha kuuamsha. Nasi tunaoshika kobalti kazini tuna sababu ya kuhurumia ngozi yetu zaidi, kwani kobalti nayo inaleta mzio. Vaa glavu zisizopitisha maji, mikono mirefu, miwani. Fungua mlango wakati wote wa kazi, na watoto wasiingie wala wasilale karibu mpaka rangi ikauke kabisa na harufu iishe. Simenti mbichi nayo isikudanganye: inachoma. Masoni anayepiga magoti ndani yake saa nzima na suruali iliyolowa anaweza kurudi kwake na vidonda.

Jambo lingine ni utelezi. Sakafu iliyopakwa rangi, ikipata maji na tone la mafuta, inaangusha mtu mzima. Mwambie fundi anyunyize mchanga mwembamba mkavu juu ya rangi ikiwa bado mbichi, kisha apake tena juu yake. Haitang'aa kama ile ya dukani, lakini mama mzee ataweza kupita na ndoo yake. Na chini ya mguu wa pikipiki weka kipande cha ubao, la sivyo utatoboa rangi kila siku mahali pamoja.

Pave ninazikubali wapi? Chini ya hangari iliyo wazi, mbali kidogo na mlango wa nyumba, na hasa mahali udongo unapotembea: ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Simenti nzima itapasuka hapo, na rangi pamoja nayo. Pave zinafuata udongo. Moja ikizama, unaitoa, unaongeza mchanga, unairudisha. Tena unaweza kununua kidogo kidogo kila mshahara, jambo ambalo rangi haikuruhusu. Kwa motokari chagua zenye unene wa sentimeta 6 ao zaidi, juu ya udongo ulioshindiliwa vizuri. Wengi wanaharakisha kushindilia, na mwaka unaofuata wana mabonde mawili mahali magurudumu yanapopita.

Kuzikata kwa mashini ya diski bila maji, hapana. Vumbi lile lina silika, ndugu yake lile tunalolipigia vita chini ya mgodi, na mapafu hayaulizi kama uko kazini ao katika likizo. Mtu mmoja amwage maji polepole huku mwingine akikata (mashini iwe ile iliyotengenezwa kwa kukata na maji, si ile ya umeme ya kawaida), watoto wakae mbali.

Ukichagua lolote, sakafu iteremke kidogo kuelekea nje, sentimeta 2 kwa kila meta moja. Lakini angalia maji yale yanakwenda wapi. Kama kisima kiko upande ule, geuza mteremko. Mafuta ya moteri usiyaoshe kwa maji: yafunike kwa mchanga ao unga wa mbao, kisha zoa.

Na kama garaji yako imekwisha kutandikwa pave, usibomoe kitu. Pima meta moja na nusu mbele ya mlango wa nyumba, toa pave za hapo tu, tia simenti laini, ngoja ikauke, kisha paka rangi. Weka pale benchi ya kukalia, msumari wa nguo za kazi, ndoo na kitambaa. Viatu vya mgodini viishie hapo. Kwa kazi hii usichague Juni wala Julai, ingawa mvua haiko: usiku wetu wa Lubumbashi ni baridi sana, na epoxi haipendi baridi. Mimi narudia yangu mwezi wa Agosti, na safari hii bibi yangu ndiye atakayefungua plastiki ile ya kupimia.